Ahadi Isiyosomeka

Ahadi ni deni. Methali hii mnaijua tangu utotoni, wala hakuna haja ya kuwafasiria. Lakini deni haliwezi kudaiwa vyema na mtu asiyejua aliahidiwa nini, wala haliwezi kulipwa kwa haki na mtu aliyeahidi kwa mafumbo. Huo ndio ubaya ninaotaka kuushitaki mbele yenu, wasomaji wangu. Katika nchi yetu ya Kenya, wenye magari hununua ahadi kila mwaka kwa fedha zao, na ahadi hiyo huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ambacho wengi wao hawakifahamu, na ambacho hata waliosoma Kiingereza miaka mingi hukifahamu kwa taabu. Siku gari linapogongwa ndipo mnunuzi anapoelezwa alinunua nini. Mimi nasema jambo hili ni dhuluma. Nasema pia kwamba dawa yake ipo, nayo haina gharama kubwa: mkataba wa bima uandikwe kwa Kiswahili chepesi sambamba na Kiingereza, na Kiswahili hicho kiwe na nguvu ile ile mbele ya sheria.

Pengine utasema, "Mimi ni mwanafunzi. Sina gari wala baiskeli. Bima yanihusu nini?" Yakuhusu sana. Matatu inayokuleta shuleni ina bima. Bodaboda inayompeleka mama yako sokoni inatakiwa iwe na bima. Basi la shule yako lina bima, na ada ya bima hiyo imo ndani ya karo wanayolipa wazazi wako. Tena miaka haikawii. Leo umekalia dawati, kesho utakalia usukani, nawe utawekewa karatasi mbele yako na kuambiwa, "Tia sahihi hapa." Ni heri uanze kufikiri kabla kalamu haijafika mkononi.

Kwanza tuelewane bima ni kitu gani, maana huwezi kulaumu usichokijua. Sisi Wakenya twaijua harambee. Jirani akipatwa na msiba, watu hukutana wakachanga, na mzigo uliokuwa wa mtu mmoja ukawa wa kijiji. Bima ni harambee iliyochangwa kabla ya msiba. Tuseme wenye magari 1,000 wanatoa kila mmoja Sh 40,000 kwa mwaka. Fedha hizo zitakuwa Sh 40,000,000. Ikiwa watu 100 miongoni mwao watapata ajali, na kila gari likahitaji Sh 200,000 kutengenezwa, zitatoka Sh 20,000,000. Zinazobaki zitagharimia madai mengine, mishahara ya wafanyakazi, na faida ya kampuni. Hakuna uchawi hapa, wala si bahati nasibu. Ni mkoba wa wengi uliowekwa mkononi mwa mmoja, kwa sharti kwamba ataufungua kwa haki.

Neno lenyewe, bima, si geni katika lugha yetu. Lilitufikia kutoka Bara Hindi, pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi, likakaa nasi hata likawa mwenyeji. Basi yule anayesema kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya bima, na akumbuke kwamba analitaja jambo lenyewe kwa neno la Kiswahili.

Sasa tuitazame sheria. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya humlazimisha kila atumiaye gari barabarani awe na bima ya watu wengine atakaowadhuru. Sharti hili ni jema, kwani latazama maisha kabla ya mali. Lakini angalia vizuri: lazima hiyo ni ya kifo na majeraha ya watu. Sheria haimlazimishi mtu kukinga gari lake mwenyewe. Anayetaka gari lake litengenezwe baada ya ajali hununua bima kubwa zaidi, ile inayoitwa bima kamili. Je, ni wangapi wanaoijua tofauti hii? Wapo madereva wanaoibandika stika kwenye kioo cha mbele wakaamini kwamba stika hiyo italinyosha boneti lao siku litakapokunjika. Wakijigonga wenyewe kwenye ukuta, hugundua kwamba walikuwa wamewakinga wenzao, lakini gari lao walikuwa wameliacha uchi. Hakuna aliyewaibia hapo. Lakini je, kuna aliyewaeleza?

Tuseme yuko mkulima mmoja wa Molo, mchuuzi wa viazi, mwenye pikapu yenye thamani ya Sh 1,000,000. Huyu si mtu wa kubahatisha, naye amenunua bima kamili. Alipokuwa akinunua, wakala alimwambia kwamba akiandika thamani ya Sh 600,000 ada yake itashuka. Kwa asilimia 4, atalipa Sh 24,000 badala ya Sh 40,000. Mkulima akafurahi kuokoa Sh 16,000, akatia sahihi. Miezi ikapita. Siku moja katika mteremko wa Salgaa akagongana na lori. Kwa rehema ya Mungu hakuumia, lakini boneti, bampa, taa na rejeta vikaharibika. Gereji ikasema kazi hiyo ni Sh 200,000.

Mkulima wetu akafanya yote yampasayo. Akapiga ripoti polisi na kupewa ile hati ambayo watu huiita abstrakti. Akapeleka habari kwa kampuni, akajaza fomu ya madai, akaambatisha leseni yake na nakala ya kitabu cha gari. Mkadiriaji wa hasara akaja, akalizunguka gari, akapiga picha, akaandika. Baada ya majuma kadhaa jibu likaja: kampuni itatoa Sh 100,000.

"Na nusu nyingine iko wapi?" akauliza mkulima. Akaonyeshwa karatasi. Kwanza, gari la Sh 1,000,000 lilikatiwa bima ya Sh 600,000, yaani sehemu 60 katika 100. Na mkataba una sharti la kwamba aliyekinga sehemu hulipwa sehemu. Kwa hiyo Sh 200,000 zikawa Sh 120,000. Pili, mkataba unasema kwamba katika kila ajali mwenye gari hubeba mwenyewe fungu la kwanza la hasara, na kwake yeye fungu hilo ni Sh 20,000. Zikabaki Sh 100,000. Hesabu ilikuwa sawa, hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza asingeikosoa. Lakini pikapu ilibaki gerejini mpaka nusu iliyopungua ilipopatikana, na viazi havimngoji mtu anayetafuta fedha. Aliokoa Sh 16,000 akapoteza Sh 80,000, na hesabu hiyo hakuonyeshwa siku ya kununua.

Tena mkulima huyu ana bahati. Kama mkataba wake ungekuwa wa gari la matumizi ya nyumbani, naye akakutwa amebeba mizigo ya watu kwa malipo, dai lake lote lingeweza kukataliwa. Kama angemwambia fundi aanze kugonga bati kabla ya mkadiriaji kufika, angejitia katika taabu nyingine. Kama gharama ya kulitengeneza ingekaribia thamani ya gari, kampuni ingeweza kulihesabu kuwa limekwisha, ikampa thamani ya siku ile badala ya kulitengeneza. Naye angeshangaa kuona kwamba miaka ya uchakavu imekatwa.

Mgala muue na haki yake mpe. Sisemi kwamba masharti haya ni maovu. Aliyelipia sehemu 60 hawezi kudai 100 bila kuwanyang'anya wenzake waliolipa kamili. Fungu la mwenyewe huzuia mkoba wa wengi usifunguliwe kwa kila mkwaruzo wa rangi. Ukaguzi huzuia hasara za uongo. Kila kanuni ina mama yake. Ninachokishitaki ni uziwi wa kanuni: imeandikwa, lakini haisemi na yule inayemfunga. Kununua mbuzi ndani ya gunia ni ujinga. Lakini kumfungia mtu mbuzi ndani ya gunia kwa makusudi, huku ukijua kwamba hawezi kulifungua mpaka amelipa, kunaitwaje?

Watetezi wa desturi hii watasema, "Aliyetia sahihi amefungwa, asome asisome." Ni kweli, mahakama zimeshikilia hivyo tangu zamani. Mwaka 1934 huko Uingereza iliamuliwa kesi ya L'Estrange. Mama huyu alikuwa na mkahawa huko Wales, naye alinunua mashine ya kuuzia sigara. Mashine ikawa mbovu. Alipodai haki yake akaambiwa kwamba fomu aliyoitia sahihi ilikuwa na maneno yaliyomnyima haki hiyo, yaliyopigwa chapa kwa herufi ndogo sana. Hakuwa ameyasoma. Mahakama ikasema sahihi yake inatosha kumfunga. Nami nasema hivi: ikiwa sahihi ina nguvu kubwa namna hiyo, basi ndiyo sababu kubwa zaidi ya kudai kwamba kinachotiwa sahihi kisomeke. Mnyororo mzito haufungwi mtu gizani.

Tena sheria hiyo hiyo ina upande wa pili, ambao watetezi hawa hawapendi kuutaja. Mwaka 1766, katika kesi ya Carter na Boehm, jaji mkuu Lord Mansfield alieleza kwamba mkataba wa bima husimama juu ya nia njema, na kwamba nia njema humkataza kila upande kuficha anachokijua yeye peke yake. Alisema kila upande, wala si mwenye mali peke yake. Makampuni hulitumia neno hili kila siku dhidi ya mteja: hukutaja kwamba gari lina dereva kijana, hukutaja kwamba limewahi kupinduka, basi dai lako limeanguka. Vema. Lakini je, kampuni inayojua maana ya kila kifungu, nayo ikamkabidhi mteja maneno asiyoweza kuyafahamu, haikuficha? Anayeficha kitu kabatini na anayekificha katika lugha ngumu wametofautiana katika pahali tu.

Watasema tena, "Mwenye gari ni msomi, Kiingereza anakijua." Wanaosema hivyo hawajaangalia barabara zetu. Gari si pambo la matajiri tena. Dereva wa matatu amenunua matatu kwa mkopo. Kijana wa bodaboda anamiliki pikipiki. Mama wa mitumba na mchuuzi wa samaki wana vigari vya mizigo. Hawa si wajinga. Hesabu za faida na hasara wanazijua kuliko wewe na mimi. Lakini lugha waliyozaliwa nayo sokoni na barabarani ni Kiswahili. Hata msomi nami namwonea huruma. Nafundisha katika chuo cha walimu, miongoni mwa watu waliohitimu kwa Kiingereza. Hati ya bima ilipoletwa katika chumba chetu cha walimu na mwenzetu aliyegongwa gari lake, tulikisoma kifungu kimoja mara tatu, tukatoka na maana nne. Ikiwa walimu wa lugha wanapotea humo, dereva atafika?

Watasema tatu, "Kiswahili hakina maneno." Jibu la hoja hii liko jirani. Tanzania ilianzisha Shirika la Bima la Taifa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawekwa mikononi mwa umma. Huko mwenye bima, fidia, dai, hasara na ada ni maneno ya ofisini, si maneno ya kutungwa usiku mmoja. Nasi hapa Kenya tulishawahi kuambiwa kwamba Bunge haliwezi kusema Kiswahili. Mwaka 1974 likaanza kukisema, wala paa halikuanguka. Mwaka 1985, ulipoanza mfumo wa 8-4-4, Kiswahili kikawa somo la lazima na la mtihani. Mwaka 2010 tukapitisha Katiba, na kifungu chake cha 7 kikasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Katiba yenyewe ilichapishwa kwa Kiswahili. Je, sheria kuu ya nchi iweze kutafsirika, bampa lishindikane?

Watasema nne, "Nakala mbili zitaleta ugomvi, ipi itashinda?" Swali hili ni zuri kuliko yote, nalo lastahili jibu. Huko Kanada sheria za taifa huandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na nakala zote mbili zina nguvu sawa kwa mujibu wa katiba yao. Majaji wao husoma zote mbili, wakatafuta maana inayozipatanisha. Nchi yao haijavunjika kwa ajili hiyo. Tena mahakama zina kanuni ya kale kwamba neno lenye maana mbili katika mkataba hufasiriwa dhidi ya aliyeliandika. Basi nakala zikipingana, mwenye bima apewe tafsiri iliyo njema kwake. Utaona jinsi makampuni yatakavyotafuta wafasiri hodari!

Watasema mwisho, "Hata tukiandika kwa Kiswahili, watu hawasomi." Huku ni kumfunga mtu miguu kisha kumcheka kwamba hakimbii. Watu hawasomi kwa sababu wamejifunza kwamba kusoma hakuwafaidii. Ujumbe wa fedha katika simu huja kwa Kiswahili kwa anayekichagua, na mama asiyefika darasa la nane huusoma neno kwa neno, na shilingi ikipungua hupiga kelele.

Wala sidai hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma aliyoinunua. Habari isiyofahamika si habari. Ni kelele iliyopigwa chapa. Tunayo Mamlaka ya Kudhibiti Bima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na kazi yake ni kusimamia makampuni na kulinda wenye bima. Ianze hapa. Iamuru kwamba kila mkataba wa bima ya gari uwe na Kiswahili kando ya Kiingereza; na kwamba ukurasa wa kwanza, kwa herufi zinazosomeka, utaje mambo matano: kinachokingwa, kisichokingwa, fungu atakalolibeba mwenye gari, hatua za kufuata baada ya ajali, na pahali pa kulalamika dai likikataliwa. Matano tu. Yanaenea katika ukurasa mmoja.

Nimewashitaki wenye makampuni. Sasa lazima niseme neno na wenye magari, maana mizani yenye kitanga kimoja si mizani. Wapo watu wanaosema, "Bima ni wezi, nasi tuwaibie." Basi fundi wa gereji huongeza vipuri ambavyo havikuvunjika, mwenye gari hukunja jicho, na mkwaruzo wa jana huingizwa katika ajali ya leo. Watu hawa hudhani wameitoa kampuni damu. La hasha! Wameuchomoa mkoba wa wengi. Kampuni ikilipa madai ya uongo, mwakani hupandisha ada, na atakayelipa ni yule mkulima wa Molo ambaye hajawahi kusema uongo. Anayemdanganya mwenye bima mwenzake kupitia kampuni ni mwizi kama yule anayekata mfuko sokoni, ila huyu wa sokoni huhatarisha ngozi yake.

Na hili nalo latetea shauri langu. Mkataba usiosomeka ni kichaka, na kichaka huficha wawindaji wa pande zote mbili. Kampuni mbaya hujificha humo isilipe, mteja mbaya hujificha humo adai kisicho chake, kisha aseme, "Sikujua." Mfyeke kichaka, na wote wawili watasimama mwangani. Mwenye haki hatapoteza kitu.

Wewe msomaji kijana una kazi katika jambo hili, wala usingoje uzee. Mzazi wako akiwa na hati ya bima nyumbani, mwombe uisome pamoja naye. Mfasirie kifungu kimoja kwa Kiswahili, kisha kingine. Mkikwama, muandike swali, alipeleke kwa wakala kabla ya siku ya kulipa, na adai jibu la maandishi. Muulize gari limekatiwa bima ya thamani gani, na thamani yake sokoni ni ngapi. Kazi hiyo ya jioni moja yaweza kuokoa karo ya muhula.

Baadhi yenu mtakuwa mawakili, na wengine wakadiriaji wa hasara, mawakala na wafasiri. Mtapewa kalamu ya kuandika ahadi ambazo watu wengine watazinunua. Siku hiyo andika sentensi zako, kisha umsomee mtu wa sokoni. Akiuliza swali moja la haki, rekebisha. Akiuliza mawili, anza upya. Mtu amelipa fedha zake gari likiwa zima; ana haki ya kujua, likiwa bado zima, atakacholipwa litakapovunjika.